Mashine ya kupimia presha nyumbani baada ya mshtuko wa moyo: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza: shilingi 85,000, duka la vifaa tiba Kariakoo. Ni ya digitali, ya kufunga juu ya kiwiko. Zipo za kufunga kwenye kifundo cha mkono, ndogo na rahisi kubeba, lakini mkono usipokaa usawa wa moyo zinakupa namba za ajabu. Mtu aliyetoka kuwekewa stenti juzi (kile kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo) namba za ajabu za nini?

Kilichonipeleka dukani, kusema kweli, ni woga kuliko presha. Ukishapata mshtuko wa moyo, kila kinachopita kifuani unakisikia: gesi, msuli uliokaza, mapigo ukilalia ubavu wa kushoto. Usiku ndiyo balaa. Saa nane naamka na jasho, nafunga mkanda, namba ya juu: 158. Napima tena hapo hapo: 164. Mama Neema akanivua mkanda akaupandisha juu ya kabati. "Baba Neema, hiyo presha unaipandisha mwenyewe."

Nesi wa kliniki akamuunga mkono, akanipa utaratibu. Asubuhi kabla ya dawa na chai, jioni kabla ya kula. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu isipishane. Pima mara mbili, dakika moja katikati, andika kwenye daftari, funga mashine. Usiku hakuna kupima.

Hizo dakika 5 ndizo nilizozipenda kuliko mashine yenyewe. Simu iko chumbani, hakuna wa kuniuliza hela ya luku. Napumua taratibu, na kipimo cha pili mara nyingi kinashuka kuliko cha kwanza. Daktari naye anataka lile daftari, namba moja moja hazimshughulishi.

Sasa mkanda. Unaokuja na mashine nyingi ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mkono wangu ni 35, na mkanda mdogo unapandisha namba bure. Pima mkono wako kwa futi ya fundi cherehani kabla hujatoka nyumbani, kisha dai wa 22 hadi 42. Muuzaji atakwambia wote ni sawa. Si sawa.

Kuna alama ya moyo inayowaka mapigo yasipoenda sawa. Ukiongea au ukijitikisa wakati inapima inaweza kuwaka pia, kwa hiyo tulia urudie. Ikiendelea kuwaka, mwambie daktari. Mapigo 56 nayo yalinitisha mpaka nilipoelezwa kwamba bisoprololi ninayomeza kazi yake ni kuyapunguza kasi.

Jambo moja msilichezee: mashine hii haitambui mshtuko wa moyo. Presha inaweza kusoma 120/80 huku mshipa umeziba. Kifua kikibana, maumivu yakielekea mkononi au kwenye taya, jasho jembamba likitoka, pumzi ikikata, achana na mkanda, wahi hospitali.

Nyota nne kati ya tano. Iliyobaki nimeikata kwa ile sauti yake ya kupiga kelele ikimaliza, haizimiki, na kwa waya wa umeme kuuzwa peke yake. Betri nne za kawaida zinatosha, ila msinunue zile za bei ya chee.