Aliigeuza kadi yangu akaandika namba yake nyuma: uzoefu wangu kwenye kongamano la uchangishaji fedha Mbeya

Naandika nikiwa bado na hasira japo imepita kama miezi miwili hivi, kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka. Juzijuzi kuna dada kaniuliza kama ampeleke mhasibu wao kwenye lile kongamano la wachangisha fedha, nikamjibu hapohapo usithubutu, tena nikaongeza maneno makali. Usiku nikakosa amani maana sikumwambia yote.

Mi ni katibu wa kikundi cha kina mama huku Njombe, tunalea watoto waliofiwa na wazazi, wengi wao wako kwa bibi zao. Miaka yote tulikuwa tunashikwa mkono na shirika moja lililokuwa linapata hela ya Wamarekani, sasa ile Januari 2025 misaada ya Marekani iliposimamishwa na sisi tukasimama nayo, afisa wao akanipigia akasema mama yale madaftari msinunue kwanza. Ile "kwanza" ndo mpaka leo. Hivyo tuliposikia kuna kongamano Mbeya la kufundishana kutafuta fedha na kujenga koneksheni kina mama wakachanga elfu tano tano, wengine walikuwa wametoka kuuza viazi, tukalipa kiingilio, nauli, gesti pale Mwanjelwa, na kilichobaki nikaenda nacho steshenari nikatengenezewa bizinesi kadi hamsini. Nyeupe, kona ina jani la kijani, mbele jina langu, chini yake Katibu, jina la kikundi na namba ya simu. Nyuma tupu.

Siku ya kwanza asubuhi alipanda mwezeshaji mmoja mtu mzima, wa shirika kubwa, ametoka Dar. Akaweka ramani ya nchi ukutani, Njombe imepakwa nyekundu kali kuliko kote, akasema asilimia 12.7, ndo mkoa unaoongoza kwa maambukizi ya VVU kwa utafiti wa 2022-2023. Ukumbi mzima ukaguna. Akasema mkitaka mfadhili awasikilize anzeni na namba kama hii, msianze na kulialia. Mi nilikuwa naandika mpaka mkono unauma, moyoni nasema huyu baba anatujua, huyu nikimpata dakika tano tu yamekwisha.

Chai ya saa nne nikamfuata. Watu wamemzingira, nikasubiri na kikombe changu mpaka chai ikapoa. Zamu yangu ikafika, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba macho yako mlangoni. Nikamwambia baba mi natoka kwenye ile nyekundu yako, tuna watoto arobaini na tatu, nikampa kadi kwa mikono miwili kama nilivyolelewa. Akaipokea. Sijamaliza hata sentensi akatokea kijana mmoja wa suti, wakashikana mikono wakacheka, kijana akamwomba namba. Yule baba akajipapasa mifukoni, kadi zake zimeisha. Basi akaigeuza KADI YANGU, akailaza kwenye kiganja, akatoa kalamu, akaandika namba yake kule nyuma, taratibu kabisa, akaipuliza wino ukauke, akampa yule kijana akaondoka nayo. Mimi nimesimama hapo. Halafu ndo ananigeukia, "ehe mama, ulikuwa unasemaje?"

Sikuweza kusema kitu jamani. Nilisema asante nikatoka nje, nikasimama naangalia mlima Loleza na ukungu wake, nawaza ile elfu tano ya mama mmoja wa kwetu ambaye mguu unamsumbua na bado anaenda shamba. Dakika ishirini kabla mtu huyo alikuwa anasimama juu ya vifo vyetu kufundishia watu, na mwenye vifo alipomfikia hana hata sekunde ya kumsikiliza!

Baada ya hapo kila kitu kikawa kichungu. Nikaanza kuona vitu ambavyo asubuhi sikuviona, kwamba beji zetu sisi wa vikundi ni za njano na wale wa mashirika ni za bluu, kwamba meza za mbele zina vibao na ukikaa unaambiwa dada samahani hapa pana wenyewe, mshehereshaji anapiga kelele, pilau imekauka. Labda haikukauka. Mchana ule nisingeona tamu hata ya mchele wa Kyela.

Lingine ambalo mpaka sasa nalisema wazi: mada karibu zote zilikuwa za kuandika andiko la kizungu kwa mfadhili wa nje. Sisi kikundi chetu kimesajiliwa halmashauri, hatujasajiliwa kwa Msajili chini ya Sheria ya NGO ya 2002, na ni siku ya pili, tena baada ya mtu kuuliza swali, ndo tunaambiwa kwamba wafadhili wengi waliotajwa pale hawawezi kutupa hela bila usajili huo. Si mngesema kabla hatujalipa? Mtu mwingine akadakia kwamba vikundi viende kwenye ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Baba, ile ni mkopo, unarudishwa. Sare ya mtoto wa darasa la pili itarudisha mkopo kwa biashara gani?

Sasa nisiwe mwongo. Siku hiyohiyo ya pili mchana nimekaa peke yangu kwenye kona, mama mmoja akaja na sahani yake, akaniambia "kamwene", salamu ya kwetu, basi nikajisikia niko nyumbani. Anatoka Iringa, ana kituo cha watoto kule Kilolo. Nikamwonyesha kadi zangu, akasema mi sina kadi mwanangu, mi nina daftari. Akalifungua. Kumbe wiki moja kabla aliwapigia waandaaji akaomba orodha ya washiriki, akachagua watu sita, wawili alishaongea nao kwa simu kabla hajapanda basi. Akaniambia watu wa jukwaani usiwafuate saa ya chai, pale hakuna anayesikia mtu, mfuate yule aliyeuliza swali zuri maana huyo hana aliyemzingira. Siku ya kwanza usiombe hela, muulize mwenzio yeye anahangaika na nini. Na usiku huohuo mtumie ujumbe wa kumkumbusha mlichoongea, ukisubiri ufike nyumbani ameshakusahau. Halafu akaniuliza hesabu zenu anakagua nani? Nikanyamaza. Akasema anza na hapo.

Na lile la kamati ndo limetuokoa kabisa. Kwao shule zikikaribia kufunguliwa wanaunda kamati kama ya harusi vilevile, mwenyekiti, mweka hazina, kundi la WhatsApp, kadi za ahadi, kila jioni orodha inatumwa, nani katoa, nani kapunguza, nani bado. Akasema watu wetu wanachanga mamilioni kwa harusi ya siku moja, hawajakataa kuchangia watoto, sisi ndo hatujawaomba kwa namna wanayoijua. Nimerudi tumefanya hivyohivyo. Wiki tatu, laki nane na nusu, watoto wote wamepata viatu na madaftari, na watu waliochanga ni wa hapahapa mjini na wengine walioko Makambako, wala hakuna aliyetuomba andiko.

Kwa hiyo huyo dada namwambia mhasibu aende? Nilikuwa nimeshaamua ndiyo, aende, ila akakae na wa beji za njano. Halafu wiki iliyopita simu ikaita, namba ngeni.

Ni yule kijana wa suti! Anasema samahani mama, kuna namba nimeandikiwa nyuma ya kadi yako, tarakimu ya mwisho haisomeki, wewe si ndo katibu wake? Hasira zote zikanirudi kama ndo leo. Nikamwambia sio katibu wake, ni katibu wa watoto arobaini na tatu, na hiyo kadi unayoisoma ilikuwa yake yeye aisome. Kukawa kimya nikajua amekata. Hakukata. Akasema, "Mama, nisamehe, sikuwahi kuigeuza mpaka leo." Akaniuliza watoto gani, nikamweleza, safari hii nikamaliza sentensi zangu zote. Kumbe yuko kampuni moja ya mbao Mufindi, wana kifungu kidogo cha jamii, akasema andika barua ukurasa mmoja, ipitie kwa mtendaji wa kata, weka na hesabu zilizokaguliwa.

Barua nimetuma Jumatatu. Hesabu anazimalizia mwalimu mmoja mstaafu hapa mtaani. Kijana amejibu nimeiona mama, basi. Lile kongamano kama kuna nyota za kutoa sijui nitoe ngapi, na yule baba wa ramani sijamsamehe.