Haidroksiyurea kwa mtu mwenye damu nyingi: uzoefu wangu

Bidhaa ninayoitolea maoni ni kapsuli za haidroksiyurea za miligramu 500, ambazo ninazitumia kwa ajili ya polisithemia vera, ugonjwa adimu na wa kudumu unaofanya uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu kupita kiasi, na mara nyingi seli nyeupe na chembe sahani (zile zinazogandisha damu) pia. Kwa lugha ya nyumbani, nina damu nyingi. Hapo ndipo ilipoanzia tabu ya kueleweka, kwani kwetu mtu huumwa kwa kupungukiwa damu; nilipowapa ndugu majibu yangu walinipongeza, na shangazi akaendelea kuniletea juisi ya rozela.

Damu ya namna hii ni nzito na huganda kwa urahisi ndani ya mishipa, hata ikaleta kiharusi au mshtuko wa moyo. Baada ya kipimo cha vinasaba kuonyesha badiliko la jeni iitwayo JAK2, ambalo hupatikana kwa karibu wagonjwa wote wa polisithemia vera, daktari bingwa wa damu alianza kwa kunitoa damu, takriban mililita 450 kila mara, pamoja na aspirini ya kiwango kidogo. Lengo ni kwamba hematokriti, yaani sehemu ya damu inayochukuliwa na seli nyekundu, ibaki chini ya asilimia 45, kiwango kilichotiliwa nguvu na utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2013. Kaka yangu aliuliza kwa nini nisiende tu kwa mpiga chuku. Nilimjibu kwamba mpiga chuku hapimi hematokriti.

Haidroksiyurea iliongezwa kwa sababu umri wangu umepita miaka 60, jambo linaloongeza hatari ya damu kuganda, na chembe sahani nazo zilikuwa zinapanda. Dawa hii hupunguza kasi ya seli za uboho kuzaliana, na matokeo yake huonekana polepole, baada ya wiki kadhaa. Kwangu imefanya kazi iliyokusudiwa: sasa natolewa damu kwa nadra, kichwa hakiniumi kama zamani, na namba za FBP, yaani kipimo cha kuhesabu seli za damu, zimetulia. Muwasho unaonishika kila nikioga maji ya moto haukuondoka, umepungua tu, nami nimehamia maji ya uvuguvugu.

Madhara yapo. Kucha zangu zimetoka mistari myeusi, na kuna kipindi vidonda vya mdomoni vilinizuia kula chochote chenye ndimu, hadi daktari alipopunguza dozi. Kwa kuwa dawa inaweza kushusha seli nyeupe kupita kiasi, kipimo cha damu cha mara kwa mara hakikwepeki, na gharama yake ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya dawa. Asiyeweza kupima asiianze, na mwanamke mjamzito au anayetarajia mimba azungumze kwanza na daktari wake, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto.

Upatikanaji wake ni afadhali kuliko nilivyotarajia, na hilo nawashukuru wenzetu wenye selimundu, ambao nao huitumia na ndio wanaoifanya iagizwe nchini. Kila duka jipya la dawa huniuliza kama nina mtoto mwenye selimundu, kisha nalazimika kueleza ugonjwa ambao muuzaji hajawahi kuusikia. Hata hivyo huadimika ghafla, kwa hiyo hununua kopo jipya kabla la zamani halijaisha.

Ningeipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya karatasi ya maelekezo, iliyoandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo mno, ilhali ndimo mlimo onyo kwamba kapsuli isifunguliwe na kwamba anayemshikia mgonjwa dawa avae glavu na kunawa mikono. Binti yangu, ambaye ndiye hunipangia dawa, aliyajua hayo kwa kuambiwa na muuguzi.