Gameli ya vyumba vitano, na mtoto asiyekula ngano

Gameli hii, yaani chombo cha kubebea chakula cha shule, niliinunua soko la Nyawera mwezi wa tisa, siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Muuzaji alianzia dola 15, tukapatana kwa 11. "Mama, hii haivuji hata ukiigeuza," akaapa. Inavuja. Lakini nimeshanunua ya pili, kwa hiyo nisikilizeni mpaka mwisho.

Binti yangu ana miaka 7 na ana ugonjwa wa siliaki. Ngano na shayiri hazitakiwi kumfika hata chembe, maana gluteni, protini iliyomo, huufanya mwili wake ujipige wenyewe na kuharibu utumbo mwembamba. Tiba ni kuacha, maisha yote. Sasa angalia gute ya watoto, yaani vitafunio vya shule, hapa Bukavu: mkate, mandazi, biskuti, chapati. Mwaka jana alikuwa anarudi na viazi vitamu vyake vimepondeka ndani ya mfuko, hajavigusa. Anavipenda sana, ila aliona haya kuvitoa mbele ya wenzake.

Gameli hii ndiyo iliyoondoa haya hiyo. Wajapani chakula cha kubeba namna hii hukiita bento, na wana desturi ya kutafuta rangi tano: nyekundu, njano, kijani, nyeupe na nyeusi. Nyumbani kwetu zimekuwa nyanya, kiazi kitamu, lengalenga, wali na maharagi meusi. Wali naufinyanga vitonge ukiwa bado una joto, nikishalowesha mikono. Kiazi nakikata kwa kifuniko cha chupa, kinatoka duara safi. Avoka napaka ndimu isigeuke rangi. Fufu nilijaribu mara moja tu: saa nne ilikuwa jiwe.

Sambaza, wale samaki wadogo, ndizo anazozililia. Nazikaanga mwenyewe kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nimezipitisha kwenye unga wa mahindi. Za barabarani sinunui tena, maana mara nyingi mafuta yale yale yameshapika mandazi. Hata unga, muhogo napeleka kwenye mashine isiyosaga ngano, ingawa ni mbali na jirani zangu wananiona nina madaha.

Turudi kwenye kuvuja. Kifuniko kinabana vizuri ukingoni, lakini kuta za katikati hazifiki juu. Sisi tunakaa Kadutu, mtaa wa vilima. Mtoto anashuka, anapanda, anaruka mfereji, na begi linaruka naye. Siku niliyoweka marakuja (pasheni) yaliyokatwa, maji yake yalihamia kwenye sambaza. Alikula hivyo hivyo, akasema zina ndimu nyingi. Tangu hapo kitu chenye maji hakiingii humo, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, inabaki nyumbani. Mawese nayo yanaacha doa la machungwa ambalo sabuni hailiwezi. Ianike wazi juani siku mbili, doa linafifia.

Kasoro kubwa zaidi ni ule mpira wa kifuniko. Siku moja kaka yake mkubwa aliazima gameli bila kuniuliza, akabebea chapati. Nikaiosha, nikadhani yamekwisha. Jioni nikauchomoa mpira kwa kijiti: makombo yamejipanga kwenye mfereji wake kama mchwa. Kwa mtoto mwingine ni uchafu tu. Kwa huyu ni tumbo la siku kadhaa. Mpira huo unatoka kwa shida na kurudi kwa shida zaidi, lakini nautoa kila jioni. Ndiyo sababu ya ile ya pili, ya bluu, ya kaka mtu. Ya dada ni nyekundu, na hakuna anayeigusa.

Joto gameli hii haihifadhi kabisa, msidanganywe na unene wake. Mimi naacha chakula kipoe kwanza ndipo nafunika, vinginevyo kinatoa jasho na wali unanuka. Kwa baridi ya Bukavu kinafika saa nne salama. Ningekuwa Uvira, kwenye joto, nisingethubutu na samaki.

Jina la binti niliandika juu ya gameli kwa kalamu ambayo muuzaji yule yule alisema haifutiki. Ilifutika wiki ya tatu.