TAHADHARI: njumu za mlango "za zamani" ambazo shaba yake ni ya juu juu tu

Asalaam aleikum. Kuna muuzaji anazungusha picha kwenye magrupu ya WhatsApp, Unguja na Pemba, za njumu za milango ya mchongo, yaani ile misumari ya urembo yenye vichwa vikubwa. Anadai zimeng'olewa mlango wa zamani Mji Mkongwe, shaba tupu, na anataka pesa kwa simu kabla ya mzigo. Ukifungua mfuko, tano sita za juu ni shaba ya njano kweli (shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki). Za chini ni zinki ya kumimina, imepakwa ngozi nyembamba ya shaba.

Kinachowaponza watu ni ile video yake ya sumaku, anayoonyesha kwamba hainasi njumu zake. Kweli, sumaku haishiki shaba, lakini na zinki haishiki. Kipimo hicho kinakamata chuma tu, na yeye analijua hilo.

Hesabu ya kwanza ifanye kabla hujatoa senti. Uliza uzito wa njumu moja, zidisha kwa idadi, kisha uliza kwa wanunuzi wa chakavu kilo ya shaba ya njano inakwenda vipi leo. Njumu 40 za gramu 170 ni kilo 6.8. Kama bei anayokutajia iko chini ya chakavu, jiulize kwa nini hakuzipeleka huko mwenyewe.

Mzigo ukiwa mbele yako, ingiza mkono mpaka chini ya mfuko, usichague za juu. Geuza njumu, piga tupa mara mbili tatu kwenye ukingo wa nyuma, pale patakapofichwa na mbao. Shaba inabaki njano kila unavyoingia. Zinki inatoka kijivu cheupe, na ule unjano unaonekana kama ganda la kitunguu pembeni.

Asipokubali tupa (wengine hukataa, "utaharibu antiki"), tumia maji. Weka jagi la maji juu ya mizani ya jikoni ya dijitali, irudishe sifuri. Funga njumu tatu kwa uzi, zitumbukize zizame zote bila kugusa chini wala ubavuni. Gramu zinazosomeka ni ujazo wake kwa mililita. Gawa uzito wa njumu zikiwa kavu kwa namba hiyo. Shaba ya njano inatoa kama 8.4 hadi 8.7, chuma 7.8, zinki ya kumimina 6.6 hivi. Kwa mfano gramu 510 kwa mililita 60 ni 8.5, hiyo shaba. Njumu zenye uvungu zigeuze kinywa juu ndani ya maji uzitikise, maana hewa ikikwama ndani hata shaba nzuri itaonekana feki.

Ule weusi wa uzee nao utazame. Futa kwa kitambaa chenye tina (ile ya kuzimulia rangi): ukitoka kama dawa ya viatu, ndiyo hiyo hiyo. Mkia, ule msumari unaoingia kwenye mbao, pia unasema. Njumu iliyong'olewa mlangoni huwa na alama, umepinda, umegongwa, au una ukungu wa mbao. Mikia 40 iliyonyooka sawasawa haijawahi kuona mlango.

Hata zile za kweli usizichukue kwa macho tu. Anazisafisha kwa asidi kali ili ziwahi kung'aa, na asidi inakula zinki iliyomo kwenye shaba. Zenye mabaka ya waridi ziweke kando. Pale shaba imebaki kama sifongo na mkia utakatika kwa nyundo. Zilizopitishwa kwenye dawa yenye amonia ni mbaya zaidi, hasa za bamba la shaba lililogongwa, kwa sababu shaba iliyokazwa kwa kugongwa ikikutana na amonia hupasuka yenyewe baadaye. Jeshi la Waingereza India liliona hivyo kwenye maganda ya risasi, ambayo ni shaba nyekundu 70 kwa zinki 30: yaliyowekwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka shingoni msimu wa mvua, kwa mvuke wa mikojo. Kagua ukingo kwa kioo cha kukuzia, utafute nyufa nyembamba kama unywele.

Usafi unaofaa ni ukwaju au ndimu na chumvi, dakika chache, suuza, kisha maji yenye magadi kidogo kuua ukali, kausha kabisa, paka nta. Ndipo upange kwa kalipa (kifaa cha kupimia milimita): kipenyo cha kitako, pale njumu inapokalia mbao, kwanza, halafu kimo. Tofauti ya milimita 2 kwenye safu moja inaonekana ukiwa upande wa pili wa uchochoro.

Waliokwisha kuzigongomelea: za zinki zitavimba na kutoa unga mweupe kwa hewa ya chumvi. Za chuma zitalia kutu na kutia msaji weusi usiofutika kirahisi, kwa hiyo zing'oeni kabla ya masika. Tumieni kabari ya mbao chini ya kitako, si bisibisi, msije mkachuna mchongo.