Hija ya Santiago kwa likizo ya wiki moja: Sarria, Tui au Ferrol?

Kwa mwenye siku tisa au kumi za likizo, tukihesabu na safari ya ndege, jibu letu ni kuanzia mji wa Ferrol. Cheti cha hija hii ya Kikristo, inayoishia kwenye kaburi linaloaminika kuwa la Mtakatifu Yakobo huko Santiago de Compostela, Hispania, hutolewa kwa aliyetembea walau kilomita 100 kwa miguu, kwa hiyo huna haja ya kuanzia kule Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, karibu kilomita 780. Njia tatu zinatosha ndani ya wiki, ila hazilingani.

Sarria, kilomita 115 hivi kwa siku tano, ndiko wanakoanzia mahujaji wengi kuliko kwingine kokote. Migahawa imepangana njiani, ukichoka unapata pa kukaa. Lakini Julai na Agosti ni msururu tangu alfajiri, na vitanda ni vya kugombania. Inayoharibu miguu ni siku ya tatu, Palas de Rei hadi Arzúa: kilomita 29, na baada ya Melide ni kupanda na kushuka mabonde. Melide yenyewe usiipite na njaa. Pweza huchemshwa, hukatwa kwa mkasi juu ya sahani ya mbao, kisha humwagiwa mafuta ya zeituni, chumvi na paprika. Mtu wa Pwani atauliza nazi iko wapi, lakini atamaliza sahani.

Tui, mpakani mwa Ureno, ni kilomita 118 hivi kwa siku sita. Milima yake ni midogo, inamfaa mwenye magoti mabovu. Kasoro yake ni lami nyingi, na eneo la viwanda kabla ya O Porriño linachosha macho. Ukikuta njia imegawanyika, shika ile ya kando ya mto Louro.

Ferrol ni Njia ya Waingereza, ambayo mahujaji waliokuja kwa meli waliitumia tangu enzi za kati. Unaitembea yote mwanzo hadi mwisho, zaidi kidogo ya kilomita 110, na watu ni wachache. Siku mbili za mwanzo unafuata maji ya bahari mpaka Pontedeume. Kazi iko Betanzos hadi kijiji cha Hospital de Bruma: kilomita 25 hivi, mlima mrefu, maduka karibu hakuna. Beba maji lita mbili na chakula cha mchana kutoka Betanzos, au uikate siku hiyo kwa kulala Presedo. Usichanganye na tawi la njia hii linaloanzia mji wa A Coruña, ambalo ni kama kilomita 75 tu. Peke yake halifikishi kiwango cha cheti.

Yanayokwamisha watu ni yale yale popote. Kitabu cha mihuri, kinachothibitisha kwamba umetembea ili upewe cheti, kinahitaji mihuri miwili kila siku, yenye tarehe. Kanisani, hosteli na mgahawani wote wanapiga. Hosteli za serikali ya Galicia ni za bei nafuu lakini hazipokei oda, anayewahi ndiye anayelala. Begi lisizidi asilimia 10 ya uzito wako. Likikushinda, posta ya Hispania hulibeba kituo hadi kituo kwa malipo. Malengelenge huletwa na viatu vipya na soksi mbichi: vaa viatu hivyo wiki kadhaa kabla, na ubadilishe soksi mchana.

Anayetoka Kenya au Tanzania aombe visa ya Schengen mapema. Maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 kwenda juu. Acha siku moja ya akiba Santiago, kwa sababu mguu ukivimba ndiyo itakayokuokoa. Na anayefikiria 2027 ajue kwamba sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, 25 Julai, itaangukia Jumapili, hivyo utakuwa Mwaka Mtakatifu, ambao mahujaji huwa wengi zaidi. Mwaka huo weka oda ya vitanda kwenye hosteli za binafsi mapema, hata kwa Ferrol.