Kirusi Kinachorudi Kila Ukikifuta: Defender Offline na Autoruns Mezani

Karibuni watazamaji. Unachomeka flashi, folda zote zimegeuka shotikati. Unafuta, unawasha kompyuta upya, yamerudi yaleyale. Leo tunapima programu mbili za bure za Microsoft, Defender Offline na Autoruns, dhidi ya kirusi hiki cha shotikati.

Kwa kawaida ni skripti ya .vbs (faili dogo la amri) iliyojificha kwenye AppData, folda iliyofichwa ya data za programu, ikiendeshwa na wscript.exe, programu ya Windows ya kuendesha skripti. Ikiwa hai, inarudisha kila unachofuta. Kwa hiyo kusafisha flashi peke yake ni kazi bure.

Defender Offline, skani ya antivirusi ya Microsoft, imo tayari ndani ya Windows 10 na 11, kwenye Scan options za Windows Security. Inazima Windows na kuskani kutoka nje yake, kirusi kikiwa hakijaamka. Inachukua kama dakika 15, basi laptopu iwe kwenye chaja. Lakini kabla hujabonyeza, fungua Exclusions, orodha ya vitu ambavyo Defender haivikagui! Virusi vingine hujisajili humo, pengine diski C nzima, na Defender inavipita bila kuvigusa. Ondoa chochote ambacho hukukiweka wewe.

Udhaifu wake? Inaweza kufuta skripti ikaacha kinachoiita. Ndiyo maana wengine kila wakiwasha hupata ujumbe kwamba faili la skripti halikupatikana.

Hapo Autoruns, inayoorodhesha kila kinachojiwasha pamoja na Windows, inaipita mbali. Ipakue kwenye ukurasa wa Sysinternals wa Microsoft tu, haisakinishwi. Kwanza ua wscript.exe kwenye Task Manager, la sivyo itarudisha kwenye orodha mstari unaouondoa. Kisha fungua Autoruns kama administrator, uangalie Logon na Scheduled Tasks. Usikimbilie kuficha vya Microsoft: wscript.exe nayo ni ya Microsoft, kirusi kinaiazima tu. Tafuta mstari unaoita skripti iliyoko AppData au Temp. Ondoa tiki, usifute kwanza; ukikosea, unairudisha. Na mstari uliopakwa rangi ya waridi, yaani faili lisilo na saini ya kidijitali iliyothibitishwa, si hukumu. Hata draiva halali ya printa huweza kukosa saini.

Sasa flashi. Usibofye shotikati hata moja. Futa mafaili ya .lnk (ndizo shotikati) na .vbs, kisha kwenye Command Prompt andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E iwe herufi ya flashi yako. Mafaili yako yalikuwa yamefichwa tu.

Mimi Autoruns naipa alama za juu, ingawa haikushiki mkono: ukizima kitu cha lazima, haikuonyi. Kwa asiyeijua Windows vizuri, Defender Offline ni salama zaidi.

Kikirudi baada ya zote mbili, acha kupoteza siku. Nakili picha na nyaraka, si .exe, kisha sakinisha Windows upya kwa flashi ya GB 8 iliyoandaliwa kwenye kompyuta safi. Nywila zibadilishe kwenye simu, si kwenye mashine iliyoambukizwa. Na kama ulitumia kraki, programu haramu ya kuamilisha Windows bila leseni, usiirudishe. Mara nyingi kirusi kiliingia nayo.