Bloki za mita 100 zinazochomelewa Mtwara: zinafaa, ila usizichukue kama zilivyo

Seti inayouzwa ina vitu viwili: bloki moja ya chuma ya kuanzia mbio fupi, ambayo mkimbiaji huikanyaga ili ajisukume, na kibao cha kuanzishia, yaani mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba na kugonganishwa badala ya kupiga bastola. Inachomelewa kwa oda katika karakana moja mjini Mtwara kwa shilingi 95,000. Unatanguliza nusu ya fedha, na baada ya siku tano unaichukua. Imejaribiwa kwenye uwanja wa shule wenye mchanga upande wa Mikindani na kwenye ardhi ngumu ya Masasi, kwa wanafunzi wanaokimbia peku na wanaovaa spaiki, yaani viatu vyenye meno chini.

Kibao kinunue bila wasiwasi. Bloki ina chuma kizuri, kasoro tatu kubwa na nyingine ndogo, na zote fundi anaweza kuziondoa kabla hajamaliza kupaka rangi. Ukisubiri mpaka imekauka na kufikishwa shuleni, utalipia kazi mara mbili.

Kuna walimu watakaouliza kama kweli shule ya sekondari inahitaji bloki. Inahitaji. Katika fainali ya mita 100 wanaume kwenye Mashindano ya Dunia ya Tokyo, Septemba 2025, Oblique Seville wa Jamaika alishinda kwa sekunde 9.77, na mwenzake Kishane Thompson akafuata kwa 9.82. Tofauti ya sekunde 0.05 kwa kasi ile ni kama nusu ya mita na ushee. Mwaka mmoja nyuma, kwenye Olimpiki ya Paris, Noah Lyles alimpita huyohuyo Thompson kwa sekunde 0.005. Na huko Tokyo, Letsile Tebogo wa Botswana, bingwa wa Olimpiki wa mita 200, hakumaliza hata hatua tano za fainali hiyo: aliondoka mapema, akatolewa. Usain Bolt yalimkuta yaleyale Daegu mwaka 2011. Kijana anayefika mashindano ya kanda au UMISSETA (michezo ya shule za sekondari nchini) bila kuwahi kuweka mguu kwenye bloki anakwenda kujifunza siku ya mtihani, na pale hakuna nafasi ya kurudia: tangu 2010 kosa la kwanza la kuanza mapema linamtoa mkimbiaji.

Sasa tuingie kwenye chuma chenyewe.

Uti wa bloki ni skwea paipu yenye urefu wa sentimita 80, iliyotobolewa matundu kila baada ya sentimita 5. Juu yake yamekaa mabamba mawili ya miguu, kila moja na bolti yake. Urefu wa uti unatosha. Kanuni ya kuanzia kwa mwanafunzi ni kuweka bamba la mbele umbali wa nyayo mbili kutoka kwenye mstari na la nyuma nyayo tatu, kisha unasogeza kidogokidogo mpaka, akiinua nyonga kwenye amri ya "tayari", goti la mbele likunje kama nyuzi 90 na la nyuma kama 120 hadi 130. Hapo ndipo matundu ya sentimita 5 yanapoanza kukera, kwa sababu mrefu na mfupi wote wanaishia katikati ya tundu na tundu. Mwambie fundi atoboe kila baada ya sentimita 2.5. Ni kazi ya drili ya nusu saa.

Kasoro ya kwanza, na kubwa kuliko zote, ni mwinuko wa mabamba. Yote mawili yamechomelewa yakiwa yamesimama karibu nyuzi 70 kutoka ardhini. Kwa macho yanaonekana imara, na huenda ndiyo maana fundi ameyapenda hivyo, lakini yana madhara mawili. La kwanza ni la mguu: bamba lililosimama sana halimpi mkimbiaji nafasi ya kukandamiza kisigino nyuma na kuuvuta msuli wa shavu la mguu kabla ya kusukuma, kwa hiyo anatoka kwa kasi pungufu. La pili ni la ardhi. Mguu husukuma bamba kwa mwelekeo unaolikabili bamba lenyewe. Bamba likiwa limesimama, karibu nguvu yote inakwenda nyuma, sambamba na ardhi, na bloki inateleza. Bamba likilala hadi nyuzi 45, sehemu kubwa ya nguvu inaikandamiza bloki chini, na udongo unaishika. Kwa uwanja wa tatani, yaani wenye sakafu ya raba ambayo sindano za bloki huing'ata, tofauti hiyo si kubwa. Kwa mchanga wa Mikindani ndiyo kila kitu.

Kwa hiyo agiza bamba la mbele liwe nyuzi 45 na la nyuma 55 hadi 60. Usikubali neno "nitakadiria". Mpelekee karatasi ya mraba iliyokunjwa kona kwa kona, ambayo inakupa nyuzi 45 kamili bila kipimo chochote. Kila bamba liwe na miguu miwili ya kuegemea kwa nyuma, mmoja kila upande. Bloki iliyojaribiwa ilikuwa na mguu mmoja tu wa katikati, na bamba la nyuma lilianza kupinda upande baada ya mazoezi ya wiki tatu. Angalia pia namna lilivyochomelewa: doti nne za moto hazitoshi, taka mshono uzunguke kiungo chote. Mshono mzuri unaonekana kama magamba ya samaki yaliyopangana. Ukiona mabonge yenye matundu, chuma hakijashikana na kitaachia.

Kasoro ya pili ni vigingi. Seti inakuja na misumari minne ya inchi 6. Masasi, ardhi ikiwa kavu, misumari hiyo inashika vizuri, ila kuing'oa ni vita. Kwenye mchanga inatoka baada ya mianzo miwili au mitatu, na mkimbiaji ambaye bloki imemponyoka anaanguka kifudifudi au, baya zaidi, anachanika msuli wa nyuma ya paja. Badili misumari kwa nondo ya milimita 12, kila kipande sentimita 30, kilichochongwa ncha. Vigonge kwa mlalo: kichwa kielekee mbele, upande wa mstari, na ncha ielekee nyuma. Wengi huvigonga kinyume, na kila msukumo unasaidia kuving'oa.

Pale ambapo mchanga ni mwingi hata nondo haitoshi peke yake. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 15 mahali utakapoishia uti kwa nyuma, laza humo ubao wa mbili kwa nne wenye urefu wa sentimita 60 ukiwa umekingama, rudishia mchanga, mwagia maji na ushindilie. Kisha egemeza mwisho wa nyuma wa bloki kwenye ubao huo. Kazi ifanyike jioni ya kuamkia mashindano ili maji yapate kushuka. Bloki iliyowekwa hivi ilibeba wavulana wa kilo 70 mfululizo bila kusogea. Ipime mwenyewe: chora alama pembeni ya uti, mwanzo mmoja wa nguvu, kisha angalia. Ikisogea zaidi ya sentimita moja, bado.

Kasoro ya tatu ni kwamba mabamba hayabadilishani. La kushoto limetengenezwa liwe la mbele na la kulia liwe la nyuma, na bolti zake hazipokezani. Wanafunzi wanaotanguliza mguu wa kulia ni wengi, na kuwalazimisha wabadili mguu kwa sababu ya chuma ni kuwapotezea muda. Mabamba yote mawili yawe na kitako cha aina moja ili kila moja likae upande wowote. Kujua mguu wa mbele ni upi, msukume mwanafunzi kidogo mgongoni akiwa hajui. Mguu anaoutupa mbele kujizuia kwa kawaida ndio wa kuweka kwenye bamba la nyuma, kwa kuwa ndio unaopiga hatua ya kwanza.

Upana wa uti ni milimita 50. Usiruhusu uzidi hapo, maana uti mpana unapanua miguu na mkimbiaji anatoka akiyumba kama mtu anayekwepa dimbwi.

Raba iliyobandikwa juu ya mabamba imetokana na tairi la gari. Hili linahitaji uangalifu mkubwa kwa sababu wengi wanakimbia peku: tairi la gari lina nyaya nyembamba za chuma, na raba ikilika kidogo ncha zinatokeza na kuchoma vidole. Tumia raba ya ubavuni mwa tairi la pikipiki, ibandike kwa gundi ya viatu, na kama ni lazima kufunga bolti, kichwa kizame ndani ya raba. Kingo zote za bamba zipigwe tupa.

Rangi ni ya kawaida juu ya chuma kitupu. Kwa hewa ya chumvi ya pwani hii, kutu ilianza kwenye matundu kabla mwezi haujaisha, na bolti mbili ziliganda. Dai rangi ya kuzuia kutu ipakwe kwanza, mikono miwili, ikiwemo ndani ya matundu. Bolti zipakwe grisi kila baada ya mazoezi, na bloki isilale nje. Mabaki ya mchanga yafutwe kwa kitambaa kikavu, si kwa maji.

Kibao cha kuanzishia hakina maneno mengi. Mbao ni nzito, zimepigwa randa, bawaba iko imara, na mlio ni mkali kiasi kwamba kwenye mita 100 unasikika hata upepo wa kusi ukivuma. Kipungufu ni rangi tu: kimeachwa cha mbao, na kwa mbali hakionekani. Paka nje rangi nyeusi na ndani nyeupe au njano. Watunza muda walioko mwisho lazima wabonyeze saa kwa kuona mbao zinapokutana, si kwa kusikia. Sauti husafiri kama mita 345 kwa sekunde, hivyo aliyeko mita 100 anausikia mlio ukiwa umechelewa kwa sekunde 0.29. Vijana wengi "waliokimbia 10.8" wamezawadiwa na sikio la mtunza muda. Muda wa saa ya mkono hupandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata, kwa mfano 11.21 inaandikwa 11.3, na ukitaka kuulinganisha na wa umeme unaongeza 0.24.

Mgonga kibao asisimame ubavuni mwa njia ya kwanza. Njia moja ina upana wa mita 1.22, kwa hiyo wa njia ya sita anausikia mlio kwa kuchelewa sekunde 0.02 nyuma ya wa njia ya kwanza. Asimame mita 10 nyuma ya katikati ya njia zote, ainue kibao juu ya kichwa, na pembeni awepo msaidizi wa kuangalia mikono. Bloki za Tokyo zina vihisio vinavyomkamata anayesukuma kabla ya sekunde 0.100 kupita. Hizi za kwetu zina jicho la huyo msaidizi, basi awe mtu makini. Tena fainali za sekunde ndogo si za wageni tu: asubuhi iliyofuata huko huko Tokyo, Alphonce Simbu wetu alichukua dhahabu ya marathoni kwa tofauti ya sekunde 0.03, ndogo kuliko ya mita 100.

Kuhusu idadi, bloki moja ni ya mazoezi peke yake. Usiitumie kwenye mashindano huku njia nyingine zikianza bila bloki. Shule tatu au nne za jirani zikichangiana kupata sita zinazofanana, oda moja inatosha na fundi atatumia kipimo kimoja kwa zote. Mpe mchoro wenye vipimo hivi: matundu 2.5, mbele nyuzi 45, nyuma 55 hadi 60, uti milimita 50, nondo 12 kwa sentimita 30, miguu miwili kwa kila bamba. Alikubali mabadiliko hayo yote kwa nyongeza ya shilingi 15,000 kwa bloki. Nusu ya mwisho ya fedha itoe baada ya mwanafunzi wako mzito kuliko wote kuanza juu yake mara kumi.